Kuchagua Kalibu ya Mikuo ya Risasi kwa Kuanzia Rafuni

Risasi chakavu haiji nyumbani ikiwa na sura moja. Huja kama mabamba yaliyobanduliwa kwenye mapaa ya kale, vipande vya mabomba yaliyong'olewa ukutani, vizito vya magurudumu ya magari, chubwi zilizolika na kukunjamana, na mara nyingine huja kama bonge tu ambalo hakuna ajuaye lilikuwa nini. Nikisema risasi hapa nina maana ya metali yenyewe, ile laini na nzito ya rangi ya kijivu, wala si zile zinazotoka katika mtutu wa bunduki. Mimi huisubu kuwa chubwi za mishipi na vizito vya mikanda ya wapiga mbizi, lakini kabla ya kufika huko kila bonge lazima liyeyushwe, litolewe takataka zinazoelea juu, na kumiminwa katika kalibu rahisi ili liwe mikuo, yaani vipande safi vya umbo moja vinavyoweza kuhesabiwa, kupangwa na kusubiri zamu yao.

Kwa miaka kadhaa nilichagua kalibu kwa kuangalia siku ya kumimina tu: kama ni nyepesi, kama ni rahisi kupatikana, kama ina nafasi ya kutosha kupokea risasi yote iliyo chunguni. Sasa naamini kwamba huko ni kuanza mwisho. Kalibu hugusana na risasi kwa dakika chache, ilhali mkuo unaotoka ndani yake huenda ukakaa rafuni miaka kumi, kisha ukachukuliwa kwa mkono na kurudishwa chunguni. Kalibu nzuri, kwa hiyo, ni ile inayotoa mkuo unaofaa kuinuliwa, kupangwa, kutambuliwa na kuyeyushwa upya. Maswali ya aina ya metali ya kalibu, bei yake na wepesi wake yanakuja baada ya hapo.

Jambo la kwanza ni uzito, na ndilo lililonifundisha kwa ukali kuliko yote. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.34, maana yake lita moja ni zaidi ya kilo 11. Jicho letu limezoea maji, na kwa sababu hiyo linadanganyika kila mara linapotazama chombo na kukisia uzito wa risasi itakayoingia ndani yake. Mara ya kwanza nilitumia kopo la chuma la kuokea mkate, nikalijaza kiasi cha lita moja na nusu, nikajisifu kwamba nimeumaliza mzigo wote kwa mmimino mmoja. Nilipata bonge la kilo 17. Chungu changu kidogo cha umeme kinabeba kilo 9 na mdomo wake ni mwembamba kuliko lile bonge. Ilinibidi nilikate kwa patasi na nyundo, kazi ya saa nzima iliyotawanya chembe za risasi sakafuni, nikatumia muda mwingine mrefu kuziokota na kufuta sakafu kwa vitambaa vilivyoloweshwa. Kila chembe ile ilikuwa sumu iliyotengenezwa bila sababu, kwa kuwa kalibu ndogo ingeniepusha na kazi hiyo yote.

Tangu wakati huo kipimo changu ni kilo moja kwa kila mkuo, ama kilo moja na robo ukizidi sana. Hesabu yake ni nyepesi: shimo la kalibu lenye urefu wa sentimita 10, upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 2 lina ujazo wa sentimita 100, na mkuo wake utakuwa kilo 1 na gramu 134. Ukubwa huo unashikika kwa mkono mmoja wenye glavu bila kukaza vidole, unaingia katika vyungu vingi vidogo, na unarahisisha kukadiria: mikuo minane ni kilo tisa, basi. Anayesubu farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo cha baharini, ambaye anahitaji mamia ya kilo kwa mara moja na ana sufuria pana ya chuma, anaweza kwenda hadi kilo tano au zaidi bila kujuta. Anayesubu vitu vidogo hana sababu ya kufanya hivyo.

Kuna sababu nyingine ya kupenda mikuo midogo, nayo inahusu joto. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na mimi hufanya kazi kati ya nyuzi 350 na 400. Ukiwa na kilo 8 za risasi ya maji kwenye nyuzi 400, ukaongeza mkuo baridi wa kilo moja, joto lote litashuka hadi karibu nyuzi 340 kabla moto haujapata nafasi ya kurudisha kilichopotea. Bado ni maji, bado kazi inaendelea. Ukiongeza bonge la kilo tatu kwa pamoja, chungu chote kitaganda kama uji uliopoa na utakaa ukisubiri. Wengi hukimbilia kuongeza moto kupita kiasi ili kukwepa usumbufu huo, nao wanajiongezea hatari, kwa sababu kadiri joto linavyopanda ndivyo mvuke wa risasi na utando wa oksaidi unavyozidi.

Baada ya uzito huja umbo, na hapa ndipo kalibu nyingi za kubuni zinapoharibikiwa. Risasi inapoganda hupungua ujazo kwa asilimia 3 hivi na zaidi kidogo, na inapoendelea kupoa kutoka kuganda hadi joto la kawaida hupungua tena karibu asilimia moja ya urefu wake. Kupungua kwa kwanza ndiko kunakoacha kibonyeo katikati ya uso wa juu wa mkuo, jambo lisilo kasoro hata kidogo. Kupungua kwa pili ndiko kunakoubandua mkuo kwenye kuta za kalibu, kwa kuwa risasi hupungua zaidi kwa kupoa kuliko alumini, na kuliko chuma zaidi ya mara mbili. Ikiwa kuta zimelala kidogo, shimo likiwa pana juu na jembamba chini, mkuo utaanguka wenyewe ukigeuza kalibu. Ikiwa kuta zimesimama wima, utagonga na kugonga. Na ikiwa kuna mahali popote ambapo shimo linapanuka kwa ndani, iwe ni kibonyeo kilichotokana na kuanguka, ukingo uliojikunja au uvimbe wa mahali palipochomelewa vibaya, mkuo utajifunga humo na hautatoka mpaka uyeyushwe tena. Kabla ya kununua au kuchukua chombo chochote, napitisha kidole kwenye kuta zake kuanzia chini hadi juu. Kidole hugundua makosa ambayo jicho halioni.

Kina kisizidi sentimita tatu. Mkuo wa kina kifupi hupoa haraka, hukauka upesi ukipashwa moto kabla ya kuingizwa chunguni, na hulala kwa utulivu rafuni. Mlalo wa kuta una faida nyingine ambayo niliigundua nilipoanza kupanga: ukiweka mkuo mmoja ukiangalia juu na wa pili ukiangalia chini, kuta zao zinakutana na kukumbatiana, na safu nzima inakuwa tambarare kama matofali. Mikuo ya duara inayotoka kwenye trei za keki ndogo haina adabu hiyo. Huteleza, huacha mianya, na rundo lake haliwezi kupanda juu bila kuta za kulizuia. Hata hivyo siikatai kabisa, kwa kuwa umbo lake la duara linaingia vizuri katika chungu cha duara.

Kuhusu umbo hili, kuna habari ambayo hunivutia kila ninapoikumbuka. Mwaka 2010 wanafizikia wa Italia walipokea mikuo 120 ya risasi iliyotolewa katika meli ya Kirumi iliyozama karibu na kisiwa cha Sardinia miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Waliitaka kwa ajili ya kukinga kifaa chao katika maabara ya chini ya ardhi ya Gran Sasso, maana risasi ya kale kiasi hicho imekwisha kupoteza mnururisho wake wa asili. Kila mkuo ulikuwa na uzito wa kilo 33 hivi, ukiwa na kuta zilizolala na chapa ya waliousubu juu yake. Mafundi wale walisubu kwa ajili ya matumbo ya meli na mabega ya wapagazi, ndiyo maana uzito wao si wangu, lakini mlalo wa kuta na chapa ni mambo yale yale ninayoyahangaikia.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kalibu yenyewe imetengenezwa nacho. Chuma cha kusubu, kile kizito chenye uso wa punjepunje, ni cha kuaminika kuliko vyote: risasi haishikamani nacho, hakipindi kwa joto, na kitaishi kuliko mwenye nacho. Kasoro zake ni uzito, uvivu wa kupata moto, na tabia ya kupasuka kikianguka kwenye sakafu ngumu. Alumini nene iliyosubiwa ni nyepesi, inasambaza joto haraka, na risasi haina hamu nayo kabisa. Mikuo hutoka ikiwa na uso wa kung'aa. Huyeyuka kwenye nyuzi 660, mbali na joto letu, kwa hiyo hakuna hofu ya kuiyeyusha kwa kuimiminia. Nasisitiza neno nene. Vyombo vyembamba vya alumini, hasa vile vya kutupwa baada ya matumizi, hulegea na kujikunja vikiwa vimejaa metali ya moto yenye uzito wa kilo kadhaa, na hakuna mtu anayepaswa kusimama karibu na jambo hilo.

Chuma cha pembe ndicho ninachokipenda zaidi kwa yeyote anayemjua fundi wa kuchomelea. Unachukua kipande cha chuma chenye umbo la herufi V, unakilaza mgongo chini kama mfereji, unaziba ncha mbili kwa vibati vya chuma vilivyoinama kidogo kwa nje, kisha unaunganisha mifereji minne au mitano ubavu kwa ubavu. Pembe ya milimita 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 4, ikikatwa urefu wa sentimita 15, inatoa mkuo wa pembetatu wenye uzito wa karibu kilo 1 na gramu 100. Kuta zake zimelala nyuzi 45, mlalo ambao kalibu nyingi za dukani haziufikii, na mikuo ya pembetatu hupangika kwa kupishana bila kuacha hata mwanya. Mwambie fundi achomelee kwa upande wa nje, kisha wewe mwenyewe pitisha tupa kwenye kona za ndani mpaka uvimbe wote uishe. Mwambie pia asitumie chuma kilichopakwa zinki, kwa ajili ya mapafu yake na kwa ajili ya risasi yako.

Chuma kisichoshika kutu hakishikamani na risasi na ni rahisi kusafisha, ingawa vyombo vingi vya aina hiyo vina kuta nyembamba zilizosimama wima. Sina mengi ya kukisemea zaidi ya hapo.

Tatizo kubwa ni bati, na hapa nina maana ya metali yenyewe ya kupakia vyombo, wala si mabati ya kuezekea. Trei nyingi za zamani za kuokea, na makopo mengi ya chuma, yamepakwa tabaka jembamba la bati halisi ili yasishike kutu. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, na likichanganyika na risasi linaweza kuyeyuka chini zaidi ya hapo: mchanganyiko wenye bati asilimia 62 hivi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Huo ndio mchanganyiko ambao vizazi vya mafundi wa redio wameutumia kama lehemu. Ukimimina risasi ya nyuzi 380 juu ya uso uliopakwa bati, haupati mkuo ndani ya kalibu, bali unapata mkuo uliotiwa lehemu kwenye kalibu yake, na safari hii hakuna kugonga kutakakosaidia. Niliwahi kuipoteza trei nzima yenye mashimo 12 kwa njia hiyo, ikabidi niiweke juu ya chungu kipande kwa kipande mpaka risasi yote idondoke. Mwenye trei ya namna hiyo na asiye na nyingine anaweza kuiacha ishike kutu nyepesi kabla ya kuitumia, kwa kuwa tabaka la kutu linazuia lehemu kushika. Shaba nyekundu na shaba ya njano nazo nisingezitumia, maana risasi yenye bati ndani yake huzishika kwa njia ile ile.

Vyombo vilivyopakwa zinki nivitenge kwa neno lake. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, hivyo si rahisi iyeyuke kwa risasi ya nyuzi 380, lakini chungu kikipanda joto bila kutazamwa, zinki kidogo inaweza kuingia katika risasi, na risasi yenye zinki humwagika kama uji, haijazi kona za kalibu ndogo, na haisafishiki kwa vifaa vya nyumbani. Ni hasara isiyo na faida yoyote upande wa pili.

Kuna vitu ambavyo havifai kamwe. Kalibu za silikoni zilizotengenezwa kwa ajili ya kuokea huvumilia takriban nyuzi 230, mbali chini ya joto la risasi iliyoyeyuka. Kioo na vyombo vya udongo uliong'arishwa hupasuka kwa mshtuko wa joto. Mbao huungua na kutoa mvuke wa maji. Saruji na plasta huhifadhi maji ndani yake hata zikionekana kavu, na maji ndiyo adui mkuu wa kazi hii.

Nieleze hilo kwa urefu, kwa sababu uchaguzi wa kalibu unalihusu moja kwa moja. Tone la maji linapogeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600 ya ujazo wake. Likiwa limefunikwa na risasi ya maji, mvuke huo hauna pa kutokea isipokuwa kwa kuirusha risasi hewani, na hutokea kwa kufumba na kufumbua, risasi ikiruka hadi darini na usoni. Kalibu yenye nyufa, yenye kutu nene inayobabuka, au yenye mashimo ya misumari inaweza kuficha unyevu usioonekana. Ndiyo maana sitazami kalibu kama kitu kinachoweza kutumika baridi. Kila kalibu, hata mpya, hata iliyolala ndani ya nyumba, huwekwa juu ya moto au karibu na chungu mpaka ipite nyuzi 100 kwa mbali, na hukaa hapo dakika kadhaa. Mikuo nayo hufanyiwa vivyo hivyo kabla ya kurudi chunguni: huwekwa kwanza juu ya ukingo wa chungu ipate moto. Mkuo wenye shimo refu juu yake, unaotokana na kumimina kwa kusitasita, unaweza kubeba matone ndani ya shimo hilo, kwa hiyo nikiona mkuo wa namna hiyo haurudi rafuni bali unarudishwa chunguni siku ile ile, ungali moto.

Kalibu mpya ya chuma mara nyingi huja na mafuta ya kuizuia kutu. Ioshe kwa sabuni, ikaushe, kisha iunguze juu ya moto nje ya nyumba mpaka iache kutoa moshi. Watu wengine huipaka mafuta mepya kwa imani kwamba mkuo utateleza. Mafuta hayo huwaka, hutoa moshi na kuacha mapovu kwenye uso wa mkuo. Kinachosaidia kweli ni masizi: pitisha mwali wa mshumaa au utambi chini ya shimo mpaka liwe jeusi, na mkuo hautakuwa na pa kushika. Mikuo ya kwanza miwili mitatu itatoka na makunyanzi kwa sababu kalibu bado haijapata joto lake. Hiyo si dalili ya kalibu mbaya. Kalibu ikizidi moto, nayo ni kawaida baada ya mimimino mingi, mikuo huchukua muda mrefu kuganda, na hapo ndipo utafurahi kuwa na kalibu mbili za kupishana, moja ikipoa nyingine ikipokea.

Kabla ya kulipia, iweke kalibu mezani uisukume kwa kidole. Ikitikisika ikiwa tupu, itatikisika ikiwa na kilo tano za metali ya maji. Kitako kiwe kipana na tambarare, mshikio uwe mrefu kiasi cha kukuweka mbali na joto, na mashimo yasizidi manne au sita, maana kalibu ya mashimo mengi hukushawishi kuibeba kabla risasi haijaganda. Kalibu iliyojaa haibebwi. Inakaa ilipo, juu ya bamba la chuma kavu lililosawazishwa kwa pimamaji, mpaka uso wa risasi upoteze mng'ao wake na ubakie hivyo kwa dakika kadhaa.

Suala ambalo wengi hulipuuza wanapochagua kalibu ni utambulisho. Risasi si moja. Risasi tupu ni laini kiasi kwamba ukucha unaacha alama juu yake. Risasi yenye antimoni, metali inayochanganywa nayo ili iwe ngumu, kama ile ya vizito vingi vya magurudumu, ni ngumu zaidi na ukiiangusha kwenye sakafu hutoa mlio, ilhali ile tupu hutoa kishindo kizito kisicho na mwangwi. Baada ya kusubiwa zote mbili hufanana, na mwaka mmoja baadaye, zikiwa zimeshika utando wa kijivu, hakuna atakayezitofautisha kwa kuzitazama. Nilipokuwa na kalibu ya aina moja tu nilichanganya mafungu mawili na kuharibu kazi ya msimu mzima. Sasa natumia maumbo: risasi laini huingia katika kalibu ya alumini yenye mashimo ya mstatili, risasi ngumu katika kalibu ya chuma cha pembe. Mtu akiingia gizani na kushika mkuo, kiganja chake kitamwambia ameshika nini. Juu ya umbo naongeza herufi, zinazogongwa kwa vipigo vya chuma vya kuandikia metali, mkuo ukiwa umekwisha kupoa. Kwa hiyo kalibu yenye kitako laini na tambarare ni bora kuliko ile iliyojaa maandishi na mapambo ya mtengenezaji, kwani kitako hicho ndicho ukurasa wako.

Kuhusu kuhifadhi, kumbuka tena uzito. Kasha la lita 20 lililojaa mikuo iliyopangwa vizuri linaweza kupita kilo 200, na kitako chake kitang'oka kabla ya mgongo wako au pamoja nao. Mikuo hukaa chini, kwenye rafu ya kwanza au juu ya mbao nene zilizoinuliwa kidogo kutoka sakafuni, katika mafungu yasiyozidi mikuo 15 kwa kasha. Pawe pakavu, na pasiwe na siki wala harufu ya siki. Mvuke wa asidi ya asetiki hula risasi na kuifunika unga mweupe, na baadhi ya mbao, hasa mwaloni, hutoa mvuke huo zenyewe kwa miaka mingi, kiasi kwamba makumbusho huepuka kuweka vitu vya risasi katika makabati ya mwaloni. Utando wa kijivu ni ngao ya risasi na hauhitaji kuondolewa. Unga mweupe ni sumu inayopeperuka: usiusugue ukiwa mkavu, bali ufute kwa kitambaa kilicholowa, kisha mkuo huo ukaushwe kabisa na kupashwa moto kabla ya kuyeyushwa.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Nayachukulia maneno hayo kwa uzito wote. Chombo chochote kilichotoka jikoni na kuwa kalibu hakirudi jikoni, hata kikioshwa mara mia. Nakitoboa tundu ukingoni ili hata mgeni asikosee. Kazi hufanyika nje au mahali penye upepo wa kutosha, nikiwa na barakoa yenye kichujio cha vumbi, miwani, glavu na nguo zisizofuliwa pamoja na za familia, na utando unaotolewa juu ya chungu hufungwa katika kopo lenye kifuniko, kwa kuwa unga ule ndio unaoingia mwilini kwa urahisi kuliko metali yenyewe. Mikuo hukaa ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli. Betri za magari sizifungui kabisa: zina asidi, na mabamba yake yana mchanganyiko unaoweza kutoa gesi za kuua. Kazi hiyo ni ya viwanda.

Limebaki jambo dogo ambalo kalibu yoyote, iwe nzuri namna gani, haiwezi kulikwepa. Mmimino wa mwisho haujazi shimo. Kila mara chunguni hubaki nusu ya mkuo, au robo, na zamani niliviacha vipande hivyo vizagae mezani. Siku hizi navimimina katika shimo la pembeni la kalibu, vikipoa navipima, nagonga uzito wake kwa gramu juu ya mgongo wake, kisha naviweka katika kasha dogo la peke yake. Ninaposubu kizito cha mkanda na chungu kikapungukiwa gramu 300, ninanyoosha mkono kwenye kasha hilo na kuchukua kipande chenye namba hiyo, bila kuyeyusha kilo nzima.